Mtoto wa miaka 5 anang'olewa gego: aambiwe nini, na lini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 5. Gego lake la mwisho la chini, upande wa kulia, limeoza, na kwenye ufizi kuna kijipu kinachopasuka, kinatoa usaha, kisha kinarudi. Daktari wa meno amelipiga picha na kusema haliwezi kuzibwa tena. Litang'olewa wiki ijayo kwa sindano ya ganzi. Bibi yake anasema nisimwambie lolote, nimpeleke kama tunaokwenda matembezini. Dada yake naye ameshaanza kumtisha kwa habari za sindano. Nimwandaeje? Ale kabla ya kwenda, au asile? Na kwa kuwa ni jino la utotoni, haiwezekani tukasubiri ling'oke lenyewe?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa jibu lake utazungumza na mtoto kwa utulivu zaidi. Gego hilo kwa kawaida hung'oka lenyewe mtoto akiwa na umri wa miaka 10 hadi 12, hivyo kusubiri maana yake ni kumwacha binti yako na usaha kinywani kwa miaka mitano au zaidi. Chini ya gego hilo, katikati ya mizizi yake, kuna jino la ukubwani linaloendelea kujengeka, na maambukizi yakikaa hapo muda mrefu yanaweza kuliharibu kabla halijaota. Dawa za kuua bakteria hutuliza uvimbe kwa muda tu, kwani chanzo kimo ndani ya jino lenyewe. Uamuzi wa daktari wako ni sahihi.

Bibi anamwonea mjukuu wake huruma, na nia yake ni njema, lakini ushauri wake sikubaliani nao. Mtoto aliyeambiwa anakwenda matembezini kisha akajikuta kwenye kiti cha daktari wa meno hujifunza kwamba maneno ya mama yake hayaaminiki mahali pale, na safari inayofuata hufunga mdomo hata kama anakwenda kukaguliwa tu. Magego yake ya kwanza ya ukubwani yataanza kuota karibu na umri wa miaka 6, na yatahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Imani yake kwako ni kitu cha kulindwa kuliko utulivu wa asubuhi moja.

Kwa kawaida ningekushauri umwambie siku moja kabla, mchana akiwa ameshiba na hana usingizi, kisha umkumbushe kwa ufupi asubuhi ya siku yenyewe. Mtoto wa umri huu hajui kupima wiki, na habari aliyopewa mapema mno humwachia siku nyingi za kuwaza. Mtoto wa miaka 7 au 8 anaweza kuambiwa siku mbili tatu kabla. Kwa binti yako, hata hivyo, habari imeshamfikia kwa upande wake mbaya kupitia dada yake, na hofu ya mtoto hukua pale anapoachwa ajazie mwenyewe yale asiyoyajua. Mwambie leo. Mwite dada mtu pembeni pia, na badala ya kumgombeza tu, mpe kazi: yeye ndiye atakayemchagulia mdogo wake mwanasesere wa kwenda naye.

Maneno yawe machache na ya kweli. Unaweza kusema hivi: "Jino lako hili limeoza, ndiyo maana ufizi unavimba. Daktari ataweka dawa ya kulifanya jino lisinzie, kisha atalitoa. Mimi nitakuwepo." Kisha nyamaza, umsikilize anauliza nini. Usimwahidi kwamba hatahisi kitu chochote, maana ahadi hiyo itavunjika. Ganzi huzuia maumivu, lakini haizuii hisia ya kusukumwa. Mizizi ya magego ya utotoni imetanuka kwa nje, kwa hiyo daktari hulitikisa jino taratibu, upande huu na upande huu, mpaka tundu lake lipanuke na jino liachie. Mtoto atahisi taya likisukumwa na huenda akasikia mlio wa kukwaruza karibu na sikio. Asiyeelezwa huchukulia hayo yote kuwa ni maumivu, akapiga kelele ingawa ganzi imekolea vizuri.

Hapa ndipo maandalizi ya nyumbani yanaposaidia zaidi. Mshike mkono, umbonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu kiasi, umwambie, "Huku ni kusukumwa." Kisha mfinye kidogo sana ngozi ya mkono uleule: "Huku ni kuuma." Rudia akiwa amefumba macho, yeye akuambie ni kipi. Baada ya hapo mfundishe kwamba kwa daktari, akihisi kusukumwa atulie, akihisi kuuma ainue mkono wa kushoto, na daktari atasimama. Mweleze daktari mapema kuhusu ishara hiyo ili aiheshimu. Mtoto mwenye njia ya kusema "simama" huvumilia mengi kuliko aliyeambiwa avumilie tu.

Kuhusu sindano, usiwe wewe wa kwanza kuitaja. Akiuliza, usikane. Mwambie kwamba daktari atapaka kwanza dawa kwenye ufizi, kisha atahisi kama kufinywa kidogo, halafu mdomo utakuwa mzito. Dawa hiyo ya kupaka huachwa dakika moja au mbili kwenye ufizi uliokaushwa, na sindano inayosukumwa polepole huuma kidogo kuliko ya haraka. Epuka kumwambia "usiogope" au "hakuna sindano kubwa", kwani mtoto hubaki na neno "ogopa" na neno "sindano". Akilia, mwache alie. Kulia hakuzuii kazi, kurusha kichwa ndiko kunakoizuia.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo ni lazima ulifuatilie kabla ya siku hiyo. Ganzi hufanya kazi kwa udhaifu kwenye sehemu yenye uvimbe mkali wa usaha, kwa sababu tindikali ya eneo hilo huipunguzia nguvu. Daktari anaweza kuipitisha mbali na kijipu, nyuma ya taya, ili aukamate mshipa wa fahamu kabla haujafika kwenye jino. Hivyo uvimbe ukiongezeka mpigie simu mapema. Shavu likivimba kwa kasi, akapata homa, akashindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje miadi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mwambie daktari pia kama mtoto ana ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au selimundu, kama hutokwa damu kwa muda mrefu akijikata, au kama kuna dawa inayomdhuru.

Kwa ganzi ya sehemu, ale chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kwani njaa humfanya awe mkali na dhaifu, na baadaye hatakula vizuri kwa saa kadhaa. Kama daktari angeamua kumlaza usingizi kabisa, masharti yangekuwa tofauti: huko hatakiwi kula chakula kwa saa 6 kabla, na kila maelekezo ya hospitali hufuatwa bila kupunguza. Omba miadi ya asubuhi, akiwa hajachoka. Ndani ya chumba, kaa anapokuona na umwachie daktari aongee. Sauti mbili zinazotoa maelekezo humchanganya.

Jino likishatoka, atauma gozi, yaani kipande cha kitambaa laini cha kuzuia damu, kwa dakika 20 hadi 30. Mate yenye rangi ya damu siku hiyo ni kawaida, lakini damu inayoendelea kutiririka baada ya kuuma gozi nyingine kwa nusu saa inahitaji daktari. Tahadhari kubwa zaidi ni mdomo: nusu ya mdomo na ulimi vitakuwa na ganzi kwa saa 2 hadi 4, na watoto wengi huutafuna mdomo bila kujua, ukavimba kiasi kwamba mzazi hudhani ni maambukizi. Mwangalie muda wote huo, na asipewe cha kutafuna mpaka ganzi iishe. Asisukutue wala kutema kwa nguvu siku ya kwanza, ili donge la damu lisitoke. Mpe parasetamoli kabla ganzi haijaisha, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Mwenye kilo 18, kwa mfano, hupata miligramu 270. Soma chupa, maana nguvu ya dawa za maji hutofautiana. Aspirini asipewe.

Ukimsifu, taja alichokifanya: "Ulifungua mdomo ulipoambiwa."

Kuhusu pengo, gego hilo ndilo linaloongoza gego la ukubwani linaloota nyuma yake. Likitoka mapema hivi, gego jipya huelea mbele na kuziba nafasi ya jino linalosubiri chini. Kabla ya siku ya kung'oa, muulize daktari wako kama mtoto atahitaji kifaa cha kutunza nafasi, kitawekwa lini, na arudi baada ya miezi mingapi kukaguliwa, kwa sababu kwa umri wake swali hilo lina uzito sawa na la kung'oa lenyewe.