Nani aongoze chama cha wanasaikolojia wa shule?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama ni sawa chama cha afya ya akili shuleni kuongozwa na watu wa elimu badala ya madaktari. Ni sawa kabisa. Tazama Marekani: chama cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kipo tangu 1969, na viongozi wake huchaguliwa na wanachama wenyewe. Kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Wenzao wa ASCA, chama cha washauri wa shule, wanataka mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Shule nyingi kule bado hazijafikia viwango hivyo, ila angalau mtu ana namba ya kushika mkononi anapokwenda kudai ajira.

Mimi nimefanya ushauri nasaha miaka tisa. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vitabu, dirisha linatazama uwanja wa paredi. Binti mmoja alikuja mara tatu, akawa anakaa chini sakafuni nyuma ya meza ili wenzake wasimwone. Siku nilipobandika magazeti kwenye kioo ndipo alipofungua mdomo. Jambo kama hilo analijua aliye shuleni kila siku, na huyo ndiye namtaka mezani sheria za chama zinapoandikwa.

Daktari wa akili naye mpeni kiti, jamani. Mtoto anayetaja kujiua hahitaji mwalimu peke yake, anahitaji rufaa siku hiyohiyo, na njia ya rufaa mtaipanga naye.