Wasomaji Wanauliza: Gitaa la bei chee likipanda bei

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: gitaa lililonunuliwa kwa bei ya kuungaunga sasa linatajiwa bei kubwa, na mwenyewe hajui alicheke au alitilie shaka. Tumejibu saba.

SWALI: Mwaka 2006 niliagiza Squier '51 (gitaa la umeme la bei nafuu la Fender) kutoka Marekani kwa dola 100. Leo naona mtandaoni wanaitaka dola 400. Ina maana nimepata mara nne? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hukupata mara nne, ndugu, ila hukula hasara. Hiyo dola 400 ni bei ya kutajwa. Mtu anaweza kuandika hata 900 na gitaa likakaa mwaka mzima bila kuulizwa. Masoko makubwa ya mtandaoni yana kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Tumia hicho, chukua mauzo kumi ya karibuni ya gitaa lenye hali kama ya lako, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, kisha tazama yaliyobaki yamesimama wapi.

Tuchukulie umekuta dola 300. Ada ya soko pamoja na ya malipo hula kama asilimia 8, zinabaki 276. Toa dola 50 za nyuzi, usafi na kufungasha, zinabaki 226. Sasa kumbuka kwamba dola 100 za mwaka 2006 zilikuwa na nguvu ya dola 155 hivi za mwaka 2024. Faida yako halisi ni kama dola 70 kwa miaka 18. Ukihesabu kwa shilingi utapata picha tamu zaidi, kwa sababu mwaka 2006 dola ilikuwa Sh 1,250 hivi na mwaka 2024 ikafika Sh 2,600: kutoka Sh 125,000 hadi Sh 780,000. Lakini sehemu kubwa ya hapo ni shilingi iliyoshuka. Gitaa halikupanda kiasi hicho.

Kwa nini basi lilipanda hata kidogo? Mtindo huu ulitengenezwa miaka michache tu, ukasimamishwa, na maduka ya Marekani yakaumalizia kwa bei ya kutupa. Ni gitaa la mchanganyiko: bodi ya umbo la Stratocaster, shingo ya Telecaster na bamba la mbele linalofanana na la besi ya Precision ya mwaka 1951, zote za Fender. Halina kitufe cha toni. Lina kitufe cha kuzungusha cha kuchagua pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi), na kile cha sauti ukikivuta juu, pikapu ya nyuma inabaki na koili (waya uliozungushwa) moja. Kwa kuwa lilikuwa rahisi, watu walilifanya la kujifunzia ufundi: wakatoboa, wakabadilisha pikapu, wakapaka rangi. Ndiyo maana lenye vipande vyake vyote vya kiwandani limekuwa adimu kuliko idadi iliyouzwa. Kama lako lina vile vitufe viwili vya asili, usiviguse.

SWALI: Marehemu mjomba ameniachia Yamaha FG-180 yenye lebo nyekundu ndani. Nyuzi ziko juu sana. Fundi anataka kuunyoa ubao wa daraja, ule unaoshikilia nyuzi juu ya uso wa gitaa, ili zishuke. Nimruhusu? (Msomaji, Tanga)

Usimruhusu. Barua hii imetufurahisha kuliko zote, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

FG-180 ilianza kuuzwa mwaka 1966, na lebo nyekundu ni ya miaka hiyo ya mwanzo, kabla Yamaha hawajahamia lebo za rangi nyingine katika miaka ya 1970. Lilikuwa gitaa la mwanafunzi na la kanisani. Uso wake ni plaiwudi. Chungulia ukingo wa tundu la sauti utaona matabaka. Wengi wakisikia plaiwudi hukunja uso, lakini kwa hali ya hewa ya Tanga hiyo ni neema, maana plaiwudi haipasuki ovyo kama ubao mmoja mzima. Yaliyo katika hali nzuri huuzwa dola mia kadhaa, na wanaoyatafuta ni wapigaji kuliko wakusanyaji.

Sasa tatizo. Nyuzi kupanda kuna sababu tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Weka nyuzi kwenye sauti sahihi kwanza, ndipo upime.

Kwanza, shingo imepinda? Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) ya 1 na ya 14 kwa pamoja. Tazama pengo kati ya uzi na freti ya 7. Likiwa la unene wa vocha ya kukwangua, shingo iko sawa. Likipitisha vocha tatu, shingo imevutwa mbele.

Pili, uso umevimba? Weka rula juu ya uso, nyuma ya daraja, kwa upana. Uvimbe mdogo ni wa kawaida kwa gitaa la umri huo. Ikiwa rula inabembea kama mizani na daraja linaanza kuachia gundi upande wa nyuma (jaribu kuingiza ukingo wa karatasi chini yake), hapo kuna kazi ya gundi na klampu.

Tatu, na hili ndilo tunalolihofia, pembe ya shingo imelegea? Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, katikati ya shingo, hadi ifike kwenye daraja. Inapaswa kugusa sehemu ya juu ya ubao wa daraja. Ikigonga mbele ya ubao, chini ya ukingo wake, shingo imeinama kuelekea mbele. Dawa yake ya kweli ni kuifungua shingo kwa mvuke na kuiunga upya kwa pembe sahihi, kazi ambayo gharama yake inaweza kufikia thamani ya gitaa lenyewe.

Kunyoa ubao wa daraja hakutibu hata kimoja kati ya hivyo. Kunaficha ugonjwa, kunapunguza pembe ya nyuzi zinapokalia kijiti cha mfupa, sauti inafifia, na mbao iliyokatwa hairudi. Mnunuzi anayejua hutazama hapo kwanza.

Kinachonyolewa ni kile kijiti cheupe kilicho juu ya daraja, ikiwa bado kimejitokeza zaidi ya milimita 2. Kanuni ni hii: ukitaka nyuzi zishuke nusu milimita kwenye freti ya 12, toa milimita 1 kwenye kijiti. Nyoa upande wa chini, juu ya kioo, kwa msasa namba 120 kisha 400, ukipima kila mara. Lenga milimita 2.4 kwa uzi mnene na 1.8 kwa uzi mwembamba. Kile cha zamani kihifadhi, uchonge kipya cha mfupa wa ng'ombe. Mfupa mkavu hauna gharama.

Na kabla ya yote hayo, vua seti ya nyuzi ya 0.013 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa inchi) kama ndiyo iliyofungwa. Inavuta gitaa kwa kilo 80 na ushei, wakati seti ya 0.011 huvuta kama kilo 65. Funga hiyo nyepesi, iache wiki mbili, upime tena. Pwani kwenye unyevu wa asilimia 75 na zaidi, uso wa gitaa huvimba wakati wa masika na kushuka kiangazi. Fundi aliyenyoa mwezi Aprili huja kulaumiwa mwezi Septemba, nyuzi zinapoanza kugonga freti. Kipimo cha unyevu cha bei ndogo na mifuko ya silika ndani ya kasha, ukilenga asilimia 45 hadi 55, vitakuokoa.

SWALI: Nina Fender Mustang ya Japani ya miaka ya 1990. Fundi ananishawishi tuweke pikapu pana ya koili mbili na tupake rangi mpya ili nikiuza nipate zaidi. (Msomaji, Nairobi)

Utapata pungufu, dada. Rangi mpya kwenye gitaa linalotafutwa huondoa karibu nusu ya thamani, hata kama imepakwa kwa mkono wa malaika, kwa sababu mnunuzi hawezi tena kujua chini yake kuna nini. Pikapu pana kwenye Mustang inadai mbao ichimbwe na bamba la mbele likatwe. Hakuna kurudi nyuma.

Kama unahitaji sauti nene, zipo pikapu za koili mbili zenye umbo jembamba. Uliza inayoingia chini ya vifuniko vya Mustang, na usikubali kifuniko kipanuliwe. Piga picha waya zilivyo kabla ya kugusa chochote. Tumia kifaa cha kulehemu cha wati 40, ushike sekunde mbili tatu tu kila kiungo. Fungua waya kwenye poti (kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha cha sauti au toni) au swichi, kamwe usiukate karibu na pikapu, kwa maana waya wa ndani ni mwembamba kama unywele na ukikatika kwenye mzizi pikapu imekufa. Pikapu za zamani na skrubu zake zitie kwenye bahasha, uandike tarehe. Poti zikikwaruza usizibadilishe. Pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme na uzungushe mara 30. Mafuta ya bawaba za mlango hayafai hapo, yanakusanya vumbi.

Freti zilizoisha ni jambo jingine. Kubadilisha freti vizuri hakuchukizi wapigaji.

SWALI: Kila gitaa la Kijapani la zamani wauzaji wanaliita "gitaa la kesi" na kulipandishia bei. Kesi ipi? (Msomaji, Kigali)

Ni moja tu. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyomiliki Gibson, iliishtaki Elger ya Pennsylvania, wasambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez nchini Marekani, kuhusu umbo la kichwa cha gitaa lililofanana na kitabu kilichofunguliwa. Walimalizana nje ya mahakama mwaka 1978, na Ibanez walikuwa tayari wameanza kubadilisha kichwa. Chapa nyingine za Kijapani kama Greco, Tokai na Burny hazikushtakiwa katika shauri hilo. Yapo magitaa mazuri sana kati yao, lakini neno "kesi" lisikuongezee hata senti.

SWALI: Hapa London nimepewa Squier ya JV kwa pauni 600. Nitajuaje kama ni halisi? (Msomaji, London)

JV ni herufi za namba za miaka ya mwanzo ya Fender Japan, kuanzia 1982 hadi 1984, zikifuatwa na tarakimu tano. Yalitengenezwa na kiwanda cha FujiGen huko Matsumoto, Japani. Yalikusudiwa kuwa ya bei nafuu Ulaya, na sasa lililo kamili mara nyingi huvuka dola 1,000, kwa hiyo pauni 600 ama ni bahati ama kuna kasoro. Ikiwa namba iko kwenye bamba la chuma nyuma, kumbuka bamba hilo linahamishika kwa skrubu nne.

Omba ruhusa ya kufungua shingo. Legeza nyuzi kwanza. Tazama mfuko wa shingo: pasiwe na rangi iliyopuliziwa juu ya nyingine, matundu yaliyozibwa kwa vijiti, wala karatasi mpya za kuinulia. Ukirudisha skrubu, izungushe kwanza kinyumenyume hadi uisikie inadondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja unakata njia mpya na mbao inalegea. Pikapu zipime bila kufungua chochote: chomeka waya, fungua sauti hadi mwisho, weka multimita (kipima umeme) kwenye ncha ya waya. Pikapu ya koili moja isome kilo-omu 5.5 hadi 6.5. Isiposoma kitu, koili imekatika.

SWALI: Nina Gallotone ya zamani. Nimesikia moja iliuzwa mamilioni. (Msomaji, Arusha)

Ni kweli, ukihesabu kwa shilingi, lakini ile ilikuwa ya John Lennon wa Beatles. Magitaa ya Gallotone yalitengenezwa Durban, yakiwa na lebo ya kuhakikishia kwamba hayatapasuka, na hilo lake lilipigwa mnada na Sotheby's mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 100,000. Vivyo hivyo Mustang ya 1969 ya Kurt Cobain wa Nirvana ilivuka dola milioni 4.5 mwaka 2022, ilhali Mustang ilibuniwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi. Kilichouzwa pale ni jina la mwenye nalo. Lako lipige, na uangalie bunzi wasilale ndani.

SWALI: Nikisafiri na gitaa lenye ubao wa vidole wa mti wa jamii ya mpingo, nitasumbuliwa uwanja wa ndege? (Msomaji, Muscat)

Jamii nzima ya Dalbergia, mpingo wetu ukiwemo, iliingia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017. Tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti la kibali. Isipokuwa Dalbergia ya Brazili, iliyo kwenye Kiambatisho cha I tangu 1992: gitaa lenye mbao hiyo lisivuke mpaka bila kibali, liwe la bei gani. Magitaa ya bei nafuu mengi hayana mbao hiyo, ila muuzaji akikusifia kwamba lako linayo, mwombe karatasi kabla ya kumpa fedha.