Mgonjwa akisema "niko na upele"

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya Kadutu, Bukavu. Karibu kila mwenye tatizo la ngozi ananiambia "niko na upele". Fomu naijaza kwa Kifaransa, lakini maelezo ni lazima niyatoe kwa Kiswahili. Nitumie maneno gani?

Jibu: Ndugu muuguzi, anza kwa kutenga upele na vipele. Upele ni ugonjwa: kidudu kidogo mno huchimba ngozi, na mwasho huzidi usiku, hasa katikati ya vidole. Ndiyo maana wahenga walisema "upele umepata mkunaji". Vipele ni dalili tu, viwe vya joto, vya surua au vya dawa iliyomkataa mgonjwa. Mtoto mwenye tetekuwanga ana vipele, hana upele.

Kisha tazama ndani mna nini. Penye majimaji maangavu pana lengelenge, kama lile linalotoka ukimwagikiwa na chai ya moto. Usaha ukiingia, sema kipele chenye usaha. Jipu ni jingine: ni kubwa, limezama, lina kiini, na ukiligusa mgonjwa anaruka. Choa ni duara lenye ukingo ulioinuka. Baka halijainuka, ni rangi tu iliyobadilika. Ila uliza kama lina ganzi, kwa sababu baka lenye ganzi laweza kuwa dalili ya ukoma.

Neno ninalokusihi ulishike sana ni kigaga, yaani ganda kavu juu ya kidonda. Wengi huliita kovu, na hapo ndipo hatari ilipo. Ninyi wa Kivu Kusini mmeuguza mpox, yaani homa ya nyani, tangu mlipuko wa mji wa Kamituga wa mwaka 2023: mgonjwa huambukiza mpaka vigaga vyote vidondoke na ngozi mpya ijifunge. Ukimwambia asubiri makovu yaishe, atajitenga miaka, au atachoka na kurudi sokoni mapema. Usiseme magaga pia, maana kwa wengi hiyo ni mipasuko ya kisigino.

Kuhusu kitenzi, "mwili iko inaniwasha" ya Bukavu inaeleweka. Kwenye maandishi weka "mwili unaniwasha". Mdomoni usimsahihishe mgonjwa. Muulize tu kwa lugha yake: "inawasha ao inauma?" Jibu la hapo litakufaa kuliko jina lolote la ugonjwa alilokuja nalo.