Jibu: Kapeti limetobolewa na kaa la chetezo
Salaam dada, pole. Umesema chetezo kilipinduka, kaa likatoboa kapeti tundu kama sarafu ya mia mbili, pembeni kumekuwa kugumu kweusi na mzee anataka mnunue jipya. Msinunue kwanza.

Anza kupapasa hapo kwenye weusi na kidole. Kama kitambaa cha nyuma kizima basi ni manyoya tu yameyeyuka, kata vile vichwa vigumu kidogo kidogo na mkasi mdogo, usivute, mimi nilivuta nikabaki na upara mkubwa kuliko tundu lenyewe.

Kama sakafu inaonekana, hapo ni kiraka. Kata kipande chini ya kabati kusikoonekana, ila pitisha kiganja kwanza ujue manyoya yanalalia wapi maana ukikigeuza kinaonekana toka mlangoni. Kiweke juu ya tundu, kata vyote viwili pamoja na wembe mpya ili vilingane. Chini tandika kitambaa cha suruali ya jinzi ya zamani, paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni ndo ubandike, kisha weka ndoo ya maji juu mpaka asubuhi. Supagluu achana nayo, ikikauka inachoma mguu.

Hii ni kwa kapeti la plastiki. La sufu la kufumwa kwa mkono sijawahi kuligusa, mpe fundi. Kujua, choma uzi mmoja nje: ukinuka nywele ni sufu, ukijikunja kidonge kigumu ni plastiki.