Mboga za Uani kwa Elfu Kumi na Tatu: Hesabu Niliyoipata kwa Hasara

Kwenye daftari langu la matumizi kuna ukurasa nimeukunja pembe. Juu nimeandika BUSTANI kwa herufi kubwa, kwa mbwembwe za mtu anayeanza jambo. Chini yake: viroba tupu sita, 3,000. Samadi ya kuku viroba viwili, 6,000. Mbegu paketi tano, 10,000. Mbolea ya maji, 12,000. Bomba dogo la kunyunyizia, 8,000. Jumla shilingi 39,000. Mboga ya nyumbani wakati huo ilikuwa inanila kama 1,000 kwa siku, kwa hiyo nilikuwa nimeshalipia mboga ya siku thelathini na tisa kabla sijachuma hata jani.

Nikiutazama ukurasa huo leo, naona 26,000 zilikwenda bure. Elfu kumi na tatu zilizobaki ndizo zilizonilisha.

Naishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga. Ua wetu umesakafiwa, hatua tano kwa tatu, na kando ya choo kuna kipande cha udongo kisichotosha hata kaburi la paka. Nawaandikia wenye ua wa namna hiyo. Mwenye ekari Bagamoyo ana mambo yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dukani, kwenye mbegu. Paketi zile zina picha, na picha zinavutia. Nilichukua mchicha, bamia, nyanya, karoti na kabichi. Kabichi inataka baridi ya Lushoto au Njombe. Kwetu huku iliota vizuri tu, ikatoa majani mapana kama sinia, halafu ikagoma kufunga. Nilisubiri miezi minne. Karoti zilitoka nene kama kidole changu cha mwisho na zimejikunja, maana kiroba kilikuwa na kokoto ambazo sikujisumbua kuzichekecha. Siku hizi mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia aandike kwanza kila mboga aliyopika kwa wiki nzima, bila kudanganya. Mimi nilipoandika nilikuta mchicha mara tatu, matembele mara mbili, bamia mara moja. Kabichi haikuwemo kabisa! Karoti nilinunua moja, ya pilau ya Jumapili.

Na matembele hayataki hata paketi. Haya nilifundishwa na bibi wa nyumba ya pili, siku aliyonikuta nimechuchumaa nahesabu miche ya kabichi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hayo ndiyo utakayokula?"

Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu. Akarudi kwake, akaja na marando ya viazi vitamu mkononi, amekata vipande vya kama shubiri moja na nusu. Akapukutisha majani ya chini, akabakiza mawili matatu ya kileleni, akachomeka kipande kwa kukilaza, si wima, pingili tatu ndani ya udongo, mbili nje. Akakanyagia kwa kisigino taratibu. Kiroba kizima kilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. "Mwagia jioni. Yakinyong'onyea kesho usishtuke, yatainuka." Kesho yake yalinyong'onyea nikashtuka. Siku ya tano yalikuwa yamesimama. Kabla ya mwezi wa pili kuisha nilikuwa nachuma, na kadiri unavyochuma vilele ndivyo yanavyozidi kuchipua pembeni. Gharama yake ilikuwa shikamoo.

Sasa samadi, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoua miche halafu tunasema hatuna mkono wa kupanda. Samadi ya kuku niliyoletewa ilikuwa mbichi, imetoka bandani wiki ileile. Niliichanganya na udongo siku hiyohiyo nikasia mchicha. Uliota, ukafika urefu wa kucha, ukakauka kuanzia ncha kama umepitishiwa moto. Kumbe umepitishiwa kweli. Samadi mbichi inachoma. Ukisogeza pua ikakuuma mpaka machoni, au ukizamisha mkono katikati ya kiroba ukakuta joto, bado. Mimi naimwaga kivulini, nairashia maji kidogo, nafunika na kiroba kikuukuu, naigeuza kila wiki. Wiki sita hadi nane inakuwa nyeusi, inanukia udongo. Hapo naichanganya debe moja kwa madebe mawili ya udongo. Ile mbolea ya maji ya 12,000 muuzaji aliniambia bila hiyo mboga haitoki. Nimeacha kuinunua na mboga inatoka.

Nafasi ikiwa ndogo, panda kwenda juu. Majirani zetu wa Kibera, Nairobi, wamelima sukuma wiki kwenye magunia kwa miaka mingi, na mbinu yao ni rahisi ukiiona mara moja. Unahitaji gunia, kokoto au vipande vya matofali, na kopo la rangi la lita nne lililotolewa kitako. Simamisha gunia juu ya matofali mawili, kunja mdomo wake kwa nje kama unavyokunja mkono wa shati. Weka udongo kidogo chini, simamisha kopo katikati, jaza kokoto ndani ya kopo na udongo uliochanganywa na samadi kuzunguka nje yake. Halafu livute kopo juu polepole. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Maji unayamwaga kwenye nguzo ile ya kokoto, nayo yanashuka na kusambaa mpaka chini. Ukimwagia udongo wa juu tu, nusu ya chini inabaki kavu kama unga. Kisha toboa ubavuni kwa kisu, matundu yapishane, shubiri moja kati ya tundu na tundu, chomeka miche ya chainizi au sukuma wiki. Juu weka bamia mbili, au pilipili. Gunia moja la kwangu linabeba miche ishirini na nne na halichukui nafasi kuliko kigoda.

Mambo mawili sikuambiwa. Viroba vya nailoni vinaliwa na jua. Cha kwangu cha kwanza kilipasuka baada ya miezi minane, asubuhi nikakuta udongo umemwagika mpaka mlangoni kwa mpangaji mwenzangu. Sasa natumia viwili, kimoja ndani ya kingine. Na usiegemeze gunia ukutani. Ukuta ulilowa, rangi ikabanduka, na mama mwenye nyumba akaniita kwa sauti ile ya upole ambayo mpangaji yeyote anaijua. Acha futi moja.

Ndoo za rangi kutoka kwa mafundi wa saiti ni nzuri pia, ukizisugua na kuzitoboa kitako. Chini naweka vipande vya makumbi ya nazi, vinashika maji na udongo hauvuji. Visahani vya kukingia maji chini ya ndoo, hapana. Jiji letu limepata milipuko ya dengue, 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji safi kiasi cha kifuniko tu. Kwa vitalu, zamani tulikuwa tunatumia mifuko ya rambo. Tangu ipigwe marufuku Juni 2019 natumia chupa za maji zilizokatwa nusu. Sijaona tofauti, isipokuwa chupa ni za bure.

Maji ndiyo gharama inayojificha. Ya kisima chetu yana chumvi, na nilipoyatumia mwezi mzima majani ya chainizi yaliungua kingo na udongo ukafanya ukoko mweupe. Sasa maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanaingia kwenye ndoo moja, ya sabuni nayaacha. Wakati wa masika nakinga ya bati. Nafunika udongo kwa nyasi kavu. Bila matandazo nilikuwa namwagia asubuhi na jioni, nikiweka, jioni moja inatosha. Nilijaribu pia kuweka chicha la nazi nikidhani ni werevu. Siafu walikuja kwa msafara, na panya nyuma yao.

Nyanya nitazitaja kwa ufupi maana bado zinaniuma. Mtu anayeanza aziache. Zangu zilioza vitako kwa sababu nilikuwa nikisahau maji siku mbili kisha nazimwagia kwa fujo, na zilizobaki zikaingiliwa na kantangaze, yule mdudu anayechimba ndani ya jani lenyewe mpaka linabaki utando mweupe. Dawa ya kumtuliza ina bei kuliko nyanya zenyewe. Mwaka wa pili nilirudi na miche minne tu ya Tanya, mbegu ya kawaida unayoweza kuihifadhi mwenyewe, si chotara, nikaifunga kwenye miti na kuimwagia kwa kipimo. Nikapata za kutosha kachumbari. Nyanya ya mchuzi bado nanunua sokoni na sioni aibu.

Kwa vidukari kwenye bamia natumia mwarobaini. Majani konzi tatu, yatwange, loweka usiku kucha kwenye lita mbili za maji, chuja kwa kitambaa, kwangua sabuni ya kipande kidogo ili ishike. Nyunyiza jioni, chini ya jani, huko ndiko wanakojificha. Bomba si lazima. Chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano inafanya kazi ileile. Ndizo 8,000 nyingine zilizokwenda bure hizo.

Matunda je? Mpangaji apande kinachozaa kabla mkataba haujaisha. Mwembe ni kumpandia mwenye nyumba. Papai linazaa ndani ya mwaka, na mbegu unazitema mwenyewe. Nililea papai moja kwenye kile kipande kando ya choo kama mtoto wa kwanza. Lilipotoa maua nikafurahi. Yalining'inia kwenye vikonyo virefu, mengi, yananukia. Bibi akapita, akatazama juu.

"Dume hilo, mjukuu wangu. Litakupa maua mpaka uzeeke."

Kwa hiyo panda miche mitatu au minne shimo moja, ngoja ichanue, ndipo ung'oe. Jike ua lake limebana kwenye shina, halina kikonyo kirefu. Langu la sasa lilitoka hivyo, na nyuma yake kwenye waya wa uzio nimepandisha pasheni, ambayo inaelekea zaidi kwa jirani kuliko kwangu.

Ukurasa wa BUSTANI wa mwaka huu una mistari miwili: samadi, na viroba. Mbegu sinunui tena. Mashina mawili ya mchicha nayaacha yachanue, vichwa vikikauka navikata asubuhi, navisugua kwa viganja juu ya ungo na kupepeta. Mbegu zake ni ndogo mno, nyeusi zinazong'aa, na ukizisia hivihivi zinaota zote sehemu moja kama nywele. Zichanganye na konzi mbili za mchanga mkavu kwanza, sia, funika kwa udongo mwembamba sana. Wiki ya nne kata, using'oe, bakiza kisiki chenye majani mawili ili kichipue tena. Za mwisho nilizipeleka kwenye kopo kwa bibi. Akazimimina kiganjani, akazipuliza kidogo, akasema bado nimeacha makapi mengi.