Ukuta wa kusini uliojikunja wakati wa kipupwe

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Uyole, Mbeya. Ukuta wa kusini wa nyumba yangu niliufunika kwa paneli za PVC zenye sura ya mbao. Mwaka jana jirani alimaliza kujenga upande huo, akaweka madirisha ya alumini yenye vioo viwili vya kuzuia baridi. Tangu Juni paneli zangu zimejikunja, na gata la plastiki limelegea sehemu moja tu. Fundi wangu anadai kuna moto uliowashwa karibu. Jirani anasema niliuziwa mali duni. Mkweli ni nani?

JIBU: Ndugu Msomaji, sidhani kama yupo anayesema uongo, ila wote wawili wamelisahau jua. Mwezi Juni na Julai jua hupita kaskazini mwetu, kwa hiyo ukuta wako wa kusini ulipaswa kuwa kivulini wakati huo. Ukiungua kipindi hicho, joto limeletwa na kitu kingine, na ninashuku dirisha la jirani linalotazama kaskazini.

Vioo vya aina hiyo hupakwa utando mwembamba mno wa metali unaorudisha joto, na katikati yake hufungiwa hewa kavu au gesi ya agoni. Baridi inapoingia, gesi hiyo husinyaa, vioo vikabonyea kidogo kuelekeana, na kile cha nje kikageuka kuwa kioo mbonyeo kinachokusanya miale mahali padogo. Kubonyea kwenyewe ni kwa milimita chache, wala huwezi kukuona kwa macho. Ikiwa vilifungwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, kisha vikapandishwa hadi Mbeya yenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huenda vikatuna badala ya kubonyea. Lakini hapo kioo cha ndani, ukikitazama kutoka nje, ndicho kinachokuwa na shimo, kwa hiyo shaka haiondoki. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 70 hivi za Selsiasi, na mwanga uliokusanywa namna hii unaweza kupita nyuzi 90. Nchini Marekani, ambako kuta za plastiki ni jambo la kawaida, tatizo hili linajulikana sana. Na London, mwaka 2013, ghorofa lenye uso uliopinda liliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani.

Hakikisha kabla ya kugombana. Siku ya jua kali, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, tafuta ukutani doa au msalaba wa mwanga unaotembea, ulichore kwa chaki kila nusu saa, lakini usilitazame dirisha lenyewe. Njia ya chaki ikipita penye mikunjo, umepata jibu.

Dawa iko upande wa jirani, nayo ni nafuu: wavu wa mbu ufungwe kwa nje, ufunike kioo chote, kwa kuwa madirisha yetu ya kusukuma huwekewa wavu nusu tu. Pazia halisaidii, maana mwanga huwa umekwisha kurudi kabla ya kulifikia. Mwombe kwa upole, na ukiweza mchangie gharama, kwa sababu naye hakujua. Paneli mpya usizifunge mpaka wavu huo upite kipupwe kimoja.