Nyanya zikioza kitako, usikimbilie dawa ya ukungu

Mwaka wangu wa pili wa kulima nyanya Ilula, mkoani Iringa, niliona doa kwenye tunda bichi lililofikia ukubwa wa ndimu. Lilikuwa chini kabisa, upande ulio mbali na kikonyo, limelowa kama mtu amelibonyeza kwa kidole. Baada ya siku chache likawa kahawia, likabonyea, ganda likakakamaa kama ngozi ya kiatu. Duka la pembejeo wakaniuzia dawa ya ukungu. Nikapuliza, wiki iliyofuata nikapuliza tena. Nyanya zikaendelea kuoza.

Bwana shamba alipokuja hakushika tunda hata moja. Alichimbua udongo wa tuta kwa vidole, akauliza, "Umemwagilia lini mara ya mwisho?" Siku ya tano ilikuwa hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimefurikisha mifereji, maana pampu ilikuwa ya kukodi na nilitaka zamu yangu inifae.

Kilichopungua kwenye tunda ni kalsiamu, ingawa udongoni ilikuwepo ya kutosha. Mmea hautafuni mbolea, unainywa. Vinywele vya mizizi hufyonza madini yaliyoyeyuka majini, na kalsiamu hupanda shinani ikifuata maji. Maji hayo huvutwa hasa na majani, kwa sababu ndiyo yanayopoteza mvuke mwingi. Tunda hupoteza kidogo sana, kwa hiyo hupata mgao mdogo, na udongo ukikauka hata huo mdogo hukatika. Tena kalsiamu ikishakaa kwenye jani haihami, ndiyo maana kupulizia majani kalsiamu hakulisaidii sana tunda.

Naitrojeni haiko hivyo. Ikipungua, mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, na umanjano huanzia chini. Potasiamu na magnesiamu nazo huhama. Chuma hakihami kirahisi, kwa hiyo upungufu wake utauona juu, kwenye majani mapya. Siku hizi, kabla ya kufungua pochi, naangalia kwanza: dalili imeanzia chini au juu?

Kosa langu la pili lilikuwa mbolea ya urea. Ina naitrojeni asilimia 46, nami niliirudia kila nilipoona majani yamepoteza kijani chake kilichokolea. Shamba likasitawi majani, nayo yakazidi kuvuta maji. Isitoshe, urea hugeuka amonia udongoni, na amonia nyingi huizuia kalsiamu kuingia mizizini. Sasa nakuzia kwa CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, kidogo kidogo. Ina kalsiamu ndani yake, lakini usitegemee ikuokoe kama maji yanakuja leo na kupotea wiki nzima.

Kama shamba lako liko hivyo, anza na maji: machache, kwa ratiba isiyoyumba. Tandaza nyasi kavu kwenye matuta. Ukipalilia, usipitishe jembe karibu na shina, utakata mizizi ile ile inayokunywa. Chokaa weka tu kama umepima udongo ukaonekana na tindikali, tena wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Msimu uliofuata nilifanya hivyo. Vishada viwili vya kwanza bado vilikuwa na matunda machache yenye doa; nikayachuma, kwa sababu lililooza kitako haliponi. Kuanzia kishada cha tatu, kila nyanya niliyoigeuza ilikuwa na kitako safi.